Waliotolewa Makaburini Jumamosi Warudishwe

Punta Tichinda,
Jumamosi, tarehe 14 Machi

Kwa Mkurugenzi wa Utalii wa Pwani,
Licenciado Baltazar Ornelas,
Ofisi iliyo juu ya duka la barafu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umelala vizuri. Mimi sijalala vizuri tangu Oktoba, lakini la Oktoba si kosa lako, ni la binti yangu Dalia, ambaye ana miezi mitano na haoni faida ya usingizi wa mchana. Kosa lako linaanzia Desemba. Nimesoma hadi darasa la tisa tu, kwa hiyo kama nitakosea taratibu za barua za serikali unisamehe. Lakini hesabu ya Jumamosi naijua, nazo ni kumi na nne pamoja na hii ya leo.

Nalalamika kuhusu Mashetani. Sina ugomvi na Mashetani wenyewe. Mume wangu ni mmoja wao, na baba yake alikuwa mmoja wao mpaka mgongo ulipomkatalia. Ugomvi wangu ni kwamba wewe unawachezesha nusu, na hiyo nusu iliyobaki inalala nyumbani kwangu, na ninachotaka ni Jumamosi yangu irudi.

Wewe ni mtu wa bara na huenda hukuelezwa. Mwisho wa Oktoba Mashetani wetu huenda lango la makaburi na vinyago vyao vya ngozi na pembe, wakanguruma na kupiga miguu mpaka vumbi linasimama, na wafu wetu wakisikia hutoka. Hukaa nasi siku mbili, wanakula, wanasikia habari za ukoo. Tarehe mbili Novemba Mashetani huwapitia nyumba kwa nyumba, wakawarudisha, wakacheza tena pale langoni, na lango likafungwa. Kutoka na kurudi. Hata basi la Pinotepa lina kwenda na kurudi.

Ofisi yako imeona kwamba kwenda kunapendeza. Lango la makaburi lina maua, mwanga wa saa kumi ni mzuri, wageni wa hoteli wanapiga picha, kisha Mashetani wanashuka nao hadi ufukweni, jua linazama, makofi, kwisha. Don Abundio, ambaye ndiye Shetani Mkuu na ana miaka sabini na moja na goti moja bovu, alikuuliza mbele ya watu siku ile ya kwanza, "Na kuwarudisha je, Licenciado?" Nawe ukamjibu, mimi nilikuwepo na mtoto begani, "Mzee wangu, saa hiyo wageni wanakwenda kula. Kurudi hakuna anayepiga picha." Watu wakacheka. Don Abundio naye alicheka, kwa adabu. Lakini tulipofika kwenye kona aliniambia, "Binti, huyu bwana amefungua zizi halafu amekwenda kunywa kahawa."

Malalamiko yangu ni haya.

1. Walioitwa hula. Sheria hii si yangu, ni ya mama mkwe wangu, Doña Herlinda, na katika nyumba yetu sheria za Doña Herlinda hazina mahakama ya rufaa. Jumamosi ile ya kwanza nilikuwa nimejinyoosha kitandani alipokuja kusimama mlangoni. "Yadira, amka mwanangu, wageni wamefika." Nikauliza wageni gani. "Wa kwetu." Nikamwambia, mama, hawa wameitwa kwa ajili ya hoteli. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake, na kumbe kwa hesabu zake mama yake alikuwa amesimama papo hapo nyuma yake. "Mfu hajui hoteli," alisema. "Mfu anajua ngoma. Ameitwa, amekuja. Amekuja, anakula."

Basi tangu siku hiyo kila Ijumaa naloweka mahindi, nasaga, nababua majani ya mgomba ya kufungia unga wa tamale, naingia kwenye mikoko hadi magotini kuokota kome, kwa kuwa marehemu wetu hawataki tamale za kuku, wanataka za kome. Jumamosi saa sita mchana meza iwe na kitambaa cheupe, mishumaa, mkate, kahawa na glasi ya maji, kwa kuwa wamesafiri na wana kiu. Maua yetu ya njano ya Novemba huwezi kuyapata mwezi wa Machi hata ukiyalilia. Natumia ya plastiki. Kuhusu maua ya plastiki nimeshalalamikiwa, nitaeleza kwenye namba 4.

2. Nyumba imejaa. Fikiri pamoja nami, Mheshimiwa, maana wewe una shahada. Jumamosi ya kwanza walitoka watu wetu wa karibu. Hawakurudishwa. Jumamosi ya pili mkaita tena. Nani atoke, na wa karibu wameshatoka? Wakatoka wa mbali: mashangazi wa mashangazi, na binamu mmoja ambaye hata picha hana. Kufikia Januari, kwa maelezo ya mama mkwe, tulikuwa tumefika kwa wale waliokufa kwa homa zamani za babu yake. Yeye huwajua kwa dalili. Harufu ya tumbaku ni mjomba Porfirio. Kahawa ikipungua bila mtu kunywa ni shangazi Ninfa. Kiti kikisogea kidogo ni mtu mwenye haya, usimtazame.

Mwezi wa Februari makaburi yetu yaliisha. Sasa wanakuja wasio na kwao. Mama mkwe anasema roho isiyo na nyumba usipoiwekea sahani utajibu mbele ya Mungu, kwa hiyo na hizo naziwekea. Nyumba yetu ina chumba kimoja na nusu. Juzi nilitaka kukaa kwenye kiti changu kumnyonyesha mtoto, nikaambiwa, "Hapo pana mtu." Nikanyonyesha nimesimama.

3. Mume wangu. Hili naliandika kwa upole kwa sababu nampenda, lakini naliandika. Mume wangu Crispín wiki nzima yuko kwenye mashua za wageni, anawapeleka kutazama ndege kwenye mikoko. Dalia alipozaliwa tulikubaliana, mkunga akiwa shahidi: Jumamosi mchana mtoto ni wa baba, na mama analala saa tatu. Saa tatu tu. Sikuomba gari.

Sasa Crispín ndiye Minga. Unamjua Minga, ndiye yule mke wa Shetani Mkuu, mwanamume aliyevaa gauni, anayetingisha kiuno na kuwasumbua wanaume wa watu huku amembeba mtoto wa bandia. Zamani mtoto huyo alikuwa tambara lenye vifungo viwili. Ofisi yako ikaona halipendezi kwenye picha, mkaleta mdoli mpya anayefumba macho, mkamvika kofia ya kufuma. Binti yangu wa nyama na damu hana kofia ya kufuma. Kila Jumamosi mume wangu anambembeleza mdoli huyo saa tatu nzima, anampiga mgongo acheue, anamfunika jua, na wageni wanasema, "Tazama anavyojua kulea!" Mama mmoja wa kaskazini alimshika mkono kabisa akamwambia mke wake ana bahati.

Wiki iliyopita alirudi, akajitupa kwenye kiti (kwa mara ya kwanza palikuwa hapana mtu) akasema, "Aisee Yadira, mkono umekufa ganzi. Kubeba mtoto siyo mchezo." Nikamwuliza, "Mtoto yupi, Crispín?" Mama mkwe aliyekuwa anamenya embe akasema bila kuinua macho, "Jibu, Minga."

4. Doña Cástula. Huyu ni bibi yake mume wangu, mama yake mama mkwe. Alifariki Agosti, Mungu amrehemu, miezi miwili kabla Dalia hajazaliwa. Alilea watoto kumi na mmoja na hakuwahi kumwonea mtu haya. Mimi nimeolewa hapa kutoka ng'ambo ya ghuba, mwendo wa dakika ishirini kwa mtumbwi, na kwake hiyo ilikuwa nchi nyingine. Alikuwa akisema mbele yangu, "Wa ng'ambo wanafunga tamale kama wanafunga kifurushi cha posta." Nilimheshimu. Nilimwogesha mwezi wake wa mwisho kwa mikono yangu hii, na hata hapo aliniambia maji yamepoa.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa utaratibu wa kawaida, Mheshimiwa. Siku mbili kwa mwaka Doña Cástula angekuja, angeona makosa yangu, angerudi, nami ningekuwa na siku mia tatu sitini na tatu za kujirekebisha. Wewe umemleta akae. Kila kitu kikianguka jikoni, mama mkwe anatafsiri. Kifuniko cha sufuria: "Mama anasema chumvi." Ufagio: "Mama anasema chini ya kitanda hujafagia." Siku niliyoweka maua ya plastiki rafu nzima iliachia ukuta. Nikasema misumari imeoza kwa chumvi ya bahari. "Ndiyo," akasema mama mkwe, "na aliyeiozesha tunamjua."

5. Mgeni aliyekula. Jumamosi ya mwisho ya Februari ofisi yako ilianza kuwapaka wageni rangi nyeupe na nyeusi usoni, wafanane na mafuvu, watembee na Mashetani. "Kuwa mfu kwa mchana mmoja," ndivyo kinavyosema kibao kilichopo pale kwenye baa ya bwawa. Sasa niambie, mtu wa kawaida atatofautishaje?

Saa kumi na moja mlango wetu uko wazi kwa ajili ya wahusika, akaingia bwana mmoja mnene kutoka mji mkuu, uso fuvu tupu, kaptula ya maua, ana tumbaku kidoleni. Akaona meza, akaona hakuna mwenye meza, akaketi. Mimi nilikuwa nyuma nafua nepi. Niliporudi amekula tamale mbili na mama mkwe amemsimamia mkono kiunoni.

"Mjomba Porfirio," anamwambia, "umenenepa."

"Asante sana, bibi," bwana yule anasema, "tamu kweli."

"Usiniite bibi, mjomba, mimi ni Herlinda wa Cástula. Na yule punda kipofu wa jicho moja uliyemwuzia mama yangu, leo tutamwongelea."

Yule bwana masikini aliomba msamaha wa punda. Aliomba kwa moyo wote, kofia mkononi, akasema hatarudia. Mama mkwe alilia, akamwongezea kahawa. Ugomvi wa miaka hamsini ukaisha, na mimi sina la kusema juu ya hilo. Lakini alipofika hotelini aliwaambia wenzake kwamba kuna nyumba ya bluu karibu na kisima ambako familia halisi inakugombeza kabisa na chakula ni kizuri. Jumamosi iliyofuata walikuja sita. Mmoja aliuliza kama anaweza kugombezwa pamoja na mkewe.

6. Juma Kuu. Nimesikia kutoka kwa Crispín kwamba kuanzia Jumapili ya Matawi, majuma mawili kutoka leo, Mashetani watacheza kila siku, siku nane, maana ndipo watu wa mjini wanashuka wote pwani na vyungu vyao na bibi zao. Siku nane! Ijumaa Kuu pia! Siku ambayo sisi hata baharini hatuingii, kwa kuwa wazee wanasema anayeoga siku hiyo huota magamba, wewe utapitisha mashetani kumi na wawili kando ya bwawa la kuogelea. Padri amesema atafumba macho. Mimi siwezi kufumba macho, ndilo hasa tatizo langu.

Na tukipiga hesabu: mwito mmoja kwa wiki ulitumalizia makaburi yote kufikia Februari. Miito minane mfululizo itawatoa wa vijiji vya jirani, kisha wa Pinotepa, na baada ya hapo sijui, labda wale wa majeshi na wa meli zilizozama. Hao hula nini? Nani atawapikia? Hoteli ina majiko sita na mpishi mwenye kofia ndefu. Mimi nina jiwe la kusagia na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na bila kurudi nyuma, mambo manne.

(a) Mashetani wakishamaliza ufukweni, wapande tena hadi makaburini, wawarudishe wote kuanzia wa Desemba, na lango lifungwe. Kama hakuna anayepiga picha, wewe njoo na simu yako.

(b) Ofisi yako iwaandikie wafu tangazo, lenye mhuri, libandikwe ukuta wa makaburi kwa ndani, kwamba mwito wa Jumamosi ni wa burudani tu na hauwahusu.

(c) Juma Kuu tuachiwe tukae kimya kama Wakristo.

(d) Mume wangu arudishwe kwangu Jumamosi saa nane mchana. Kama Minga ni lazima awepo, gauni ni pana, wewe lazima litakutosha. Mdoli hana shida, analala akilazwa.

Usinione mkorofi. Najua wageni ndio wanaoifanya pwani hii ikae macho. Lakini mtu akiitwa lazima aambiwe pia nenda kwa heri, awe hai au asiwe hai. Hata mgeni wa hoteli mnampungia mkono basi likiondoka.

Msalimie katibu wako Rosaura, mwambie dawa ya tumbo aliyonielekeza imesaidia. Msalimie dereva, na yule mpishi mwenye kofia. Mama mkwe anakusalimu, anasema umekonda. Don Abundio anakusalimu pamoja na goti lake. Walioko hapa nyumbani wote wanakusalimu, ni wengi, siwezi kutaja majina. Na yupo bibi mmoja tusiyemfahamu, mama mkwe anasema ana viatu vya mjini na hagusi pilipili. Alifika Jumamosi ile ya Februari uliyokuja mwenyewe. Kama ni wa kwenu, tuambie anapenda nini, tusimtese bure.

Wako mwenye subira iliyokaribia ukingoni,

Yadira Petatán Noyola,
mama yake Dalia,
nyumba ya bluu karibu na kisima.

Nyongeza: Mheshimiwa, nilikuwa nimeshaikunja barua na nimesimama kutafuta gundi ya bahasha, ndipo nikashtuka kwamba nyumba imenyamaza. Saa ya ukutani inasema saa kumi na moja na robo. Nilianza kuandika saa nane. Leo, ili mkono wangu wa kulia uwe huru, nilimweka Dalia kwenye bembea ya kamba nikijiambia atalia baada ya dakika kumi kama kawaida, nitaandika sentensi mbili mbili. Nimeandika kurasa sita.

Nilikimbia nikidhani kuna jambo baya. Amelala. Mdomo wazi, ngumi moja juu ya kichwa, jasho puani. Saa tatu na robo. Mtoto huyu tangu azaliwe hajanipa mchana hata dakika arobaini. Na bembea inakwenda. Mama mkwe yuko ufukweni anauza embe, Crispín yuko na mdoli, mimi nilikuwa mezani nimempa mtoto mgongo nikikuandikia wewe, na upepo leo hakuna, miali ya mishumaa imesimama wima. Bembea inakwenda polepole, inasita kidogo kila ikifika upande wa ukutani, kisha inarudi, kama inavyosukumwa na mtu aliyekwisha kulea wengi na hana haraka.

Nimerudi mezani kwa ncha za vidole, nisimwamshe mtoto.

Basi kuhusu ombi (a): warudishe wengine. Doña Cástula aachwe, angalau mpaka mtoto aote meno. Ombi (b) liondoe, asije akalisoma akachukia. Ombi (c), kama ni siku nane, chezeni siku nane, na mkiona vyema ongezeni ya tisa. Crispín mbaki naye, anajua kazi. Barua nakuletea hivi hivi kwa kuwa sina nguvu za kuiandika upya, nami naenda kulala sasa hivi, wakati bado kuna mtu wa kumwangalia mtoto.